Mkono Unaokufa Ganzi Usiku

Leo tutasema juu ya ugonjwa mmoja usioua mtu. Lakini unaiba usingizi wake, unaiba nguvu za mkono wake, na mara nyingine unaiba jina lake jema kati ya jirani. Ninauandika hapa kwa sababu wengi wanauficha. Wanafikiri ni ukoma, ao wanafikiri wamelogwa.

Sikilizeni jinsi unavyoanza. Mtu analala vizuri jioni. Katikati ya usiku, kabla jogoo hajawika, anaamka kwa sababu mkono unamchoma. Vidole vimekufa ganzi, ao vinawasha kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Anasikia kama vidole vimevimba, lakini akiwasha taa na kuvitazama, anaona vina unene ule ule wa jana. Anakaa kitandani, anakung’uta mkono kama mtu anayekung’uta maji baada ya kunawa. Baada ya dakika chache anapata nafuu, analala tena. Usiku unaofuata ni vile vile. Huko kukung’uta mkono usiku ni alama kubwa sana. Mgonjwa akinionyesha namna anavyokung’uta, hata kabla hajamaliza maneno yake, mimi nimekwisha kuuwaza ugonjwa huu.

Baadaye unakuja mchana pia. Mama anashona, sindano inamponyoka. Anashika kikombe cha chai, kikombe kinaanguka, na watu wa nyumbani wanasema amekuwa mzembe. Anafunga vifungo vya shati la mtoto, vidole havijui tena kifungo kiko wapi. Baba anayeendesha kinga anasikia ganzi akishika usukani muda mrefu. Mwimbaji anayeshika kitabu cha nyimbo mbele ya uso wake anakibadilisha mkono kabla wimbo haujaisha.

Basi, swali la kwanza ambalo munganga atakuuliza ni hili: vidole gani? Watu wengi wanajibu haraka, “Vyote, munganga, mkono wote.” Lakini ukiwapa siku mbili za kuangalia vizuri, wanarudi na jibu jingine. Ugonjwa huu unashika kidole gumba, na kidole cha pili ambacho tunaonyesha nacho, na kidole cha kati, na nusu ya kidole cha nne, upande ule unaoelekea kidole cha kati. Kidole kidogo cha mwisho kinabaki kizima. Kama kidole kidogo ndicho kinachokufa ganzi, na vingine vizima, tatizo liko mahali pengine, na nitalisema mbele kidogo. Maumivu yenyewe yanaweza kupanda mpaka mkono wa juu, hata begani, na hayo yasikudanganye. Fuata ganzi, usifuate maumivu.

Kwa nini vidole hivyo tu? Geuza mkono wako, kiganja kikutazame. Pale kifundo cha mkono kinapokutana na kiganja, ndani yake kuna njia nyembamba. Chini na pembeni yake ni mifupa midogo ya kifundo, ambayo jumla yake ni 8, imepangwa kama mtumbwi. Juu yake kuna utepe mgumu, umefunika mtumbwi huo kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Ndani ya njia hiyo kunapita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Ninaposema mshipa wa fahamu sisemi mshipa wa damu. Mshipa wa fahamu ni kama waya: unachukua habari za kugusa kutoka kwenye vidole mpaka kichwani, na unachukua amri kutoka kichwani mpaka kwenye nyama ya kidole gumba. Kano ni ngumu, lakini mshipa huu ni laini. Mifupa haisogei wala utepe haunyooki. Kama kano zikivimba kidogo, ao maji ya mwili yakizidi mahali pale, hakuna nafasi ya kuongeza, na aliye laini ndiye anayebanwa. Usiku tunalala tumekunja mikono chini ya kichwa ao chini ya shavu, na kifundo kikikunjwa njia inazidi kuwa nyembamba. Ndiyo sababu usiku ni mbaya kuliko mchana.

Waganga wa hospitali wanauita ugonjwa wa kanali ya karpu, kwa sababu mifupa ile midogo inaitwa karpu. Si ugonjwa mpya. Munganga James Paget wa Uingereza aliandika habari za mshipa huu kubanwa katika mwaka wa 1854. Munganga wa Marekani, George Phalen, alianza kuandika juu yake mwaka wa 1950, akaufundisha miaka mingi, na kwa ajili ya kazi yake waganga wengi wakajua kuutambua bila masini yoyote. Namna yake ya kupima nitawaonyesha, maana unaweza kuifanya kwenye kiti chako.

Kwanza niseme habari ya mama mmoja. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kusimulia. Ni mama wa kwaya, mwenye watoto 6, mkono wake wa kuume ulimfia usiku tangu wakati wa kuvuna muhogo. Jirani mmoja alimwambia kwamba vidole visivyosikia ni mwanzo wa ukoma. Mama akaogopa. Hakuja hospitali. Alianza kula peke yake, akaweka sahani yake na kikombe chake mbali, akahamisha mkeka wake, hakumchukua tena mtoto mdogo. Alipoulizwa alisema ana mafua. Bwana wake alifikiri amemkasirikia. Hali hiyo ilikaa miezi 8. Siku moja alisonga ugali, mkono ukagusa sufuria, akajua ameungua alipoona ngozi, si aliposikia maumivu. Kwa ajili ya kidonda kile alikuja kwetu.

Na hapa niseme kosa langu. Nilimfunga kidonda, nikamwuliza maumivu yako wapi, akaonyesha mkono mzima mpaka bega. Wagonjwa walikuwa wengi siku ile. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikaandika rumatizma katika fishi yake, nikamwambia arudi vikiisha. Sikumwuliza vidole gani. Alirudi mara tatu, na mara tatu nilimpa vidonge vile vile. Mara ya nne alikaa mbele yangu, akasema polepole, “Baba munganga, niambie kweli. Ni ukoma?” Nikamwuliza, “Mama, kwa nini unasema hivyo?” Akasema, “Usiku mkono huu si wangu.” Akaukung’uta. Ndipo nilipoweka mikono yake yote miwili juu ya meza, kiganja juu, nikaona. Nyama ile nene iliyo chini ya kidole gumba, upande wa kushoto ilikuwa imejaa kama mkate, na upande wa kuume ilikuwa imekwisha, kumebaki bonde. Nyama ikikwisha hivyo, mshipa umebanwa muda mrefu sana.

Tulimtazama ngozi yote. Hakuwa na ukoma.

Wengi wetu tulijifunza habari za Naamani tangu utoto katika shule ya siku ya Mungu, na woga wa neno ukoma uko ndani yetu zaidi ya tunavyojua. Kwa hiyo nitaeleza tofauti kwa urefu. Ukoma ni ugonjwa wa mdudu mdogo sana, aliyeonwa na munganga Hansen wa Norway mwaka wa 1873. Unakaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu. Mara nyingi alama yake ya kwanza ni baka katika ngozi, lililopauka ao jekundu kidogo, na ukiligusa kwa pamba mtu amefumba macho hasikii kitu. Baka haliwashi wala haliumi. Ndiyo sababu watu wanalidharau. Katika mkono, ukoma unapenda zaidi mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, pale mkono unapokunjwa, na mshipa ule unatumikia kidole kidogo na nusu ya kidole cha nne. Ukigusa nyuma ya kiwiko unaweza kukuta mshipa umevimba kama kamba. Baadaye kidole kidogo na cha nne vinajikunja. Ganzi ya ukoma haingoji usiku, tena haiondoki kwa kukung’uta mkono.

Lakini sikilizeni: mtu asijipime mwenyewe na kusema, mimi sina ukoma. Ukoma unaweza kugusa na mshipa huu wa kifundo pia. Mwenye baka lisilosikia, ao vidole vilivyoanza kujikunja, aje hospitali upesi. Leo ukoma una dawa. Tangu miaka ya 1980 watu wanatibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, miezi 6 ao miezi 12, na dawa hizo hutolewa bila malipo. Mtu akianza kuzimeza, baada ya muda mfupi hawezi tena kuambukiza wengine. Hata kama mama yule angekuwa na ukoma, hakukuwa na sababu ya kukaa peke yake na sahani yake miezi 8.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana. Ganzi ikianza katika nyayo za miguu yote miwili na baadaye kufika mikononi kama soksi na glavu, tunafikiri ugonjwa wa sukari, ao ulevi wa siku nyingi. Anayemeza dawa ya kifua kikuu anaweza kupata hali hiyo hiyo kwa sababu ya dawa moja inayoitwa izoniazidi. Asiache dawa, bali amwambie munganga, kwa maana kuna vitamini ya kumsaidia. Mama anayebeba kuni ao magunia kwa kamba ya paji la uso anaweza kuwa na mshipa uliobanwa shingoni, na huyu anasikia vibaya akigeuza shingo. Konzo, ule ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, unakaza miguu, si vidole. Na kama mkono umelegea kwa ghafula, pamoja na mdomo kwenda upande ao maneno kuchanganyika, usisome tena kitabu hiki: mpelekeni hospitali saa ile ile.

Sasa kipimo. Kaa, inua mikono mbele ya kifua. Weka migongo ya mikono pamoja, vidole vikielekea chini, vifundo vimekunjwa, usisukume kwa nguvu. Kaa hivyo dakika moja nzima. Kama hauna saa, mwenzako ahesabu polepole mpaka 60. Ganzi ikija katika kidole gumba, cha pili ao cha kati kabla dakika haijaisha, yaelekea ni ugonjwa huu. Kipimo cha pili kinaitwa kwa jina la Tinel, munganga wa Ufaransa: munganga anagonga polepole kwa ncha ya kidole juu ya kifundo, upande wa kiganja, na mgonjwa anasikia kama umeme unaruka mpaka kwenye vidole. Vipimo hivi vinaweza kukosea, kwa hiyo havitoshi peke yake. Tazama na nyama chini ya kidole gumba, linganisha mkono na mkono. Jaribu kugusa ncha ya kidole kidogo kwa ncha ya kidole gumba, mtu mwingine akijaribu kuvitenganisha.

Nani anaupata? Wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi walio katikati ya umri. Mama mwenye mimba anaupata kwa sababu maji ya mwili yameongezeka, na kwake mara nyingi unaondoka wenyewe katika majuma ao miezi baada ya kuzaa. Wenye ugonjwa wa sukari wanaupata, na waliovunjika kifundo zamani, na wenye viungo vinavyovimba asubuhi. Pia mtu ambaye tezi ya shingo yake haifanyi kazi ya kutosha. Anasikia baridi wakati wengine wana joto, ngozi inakauka, anachoka, sauti inakuwa nzito. Sisi watu wa milima ya mbali na bahari tunajua uvimbe wa shingo. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa la Kivu kilijulikana kwa waganga wa nchi nyingi kwa sababu ya uvimbe huo. Kwa hiyo nikiona mikono miwili imekufa ganzi, ninatazama na shingo.

Na kazi? Kazi ya kushika kwa nguvu na kurudia, na chombo kinachotetemesha mkono, inazidisha. Mwenye kupasua mbao, mwenye kuvunja mawe kwa nyundo katika machimbo, fundi wa masini ya kushona, mwenye kukamua nguo nzito mtoni. Tena kinu. Sombe ya watu 9 inatwangwa na nani? Karibu kila mara ninaona mama na binti zake. Wababa, mchi hauna sheria inayowakataza kuushika. Sisemi kwamba kinu ndicho kilicholeta ugonjwa. Wako wanaotwanga maisha yao yote bila ganzi, na wako wasiotwanga wanaoupata. Lakini mkono uliokwisha kubanwa hauponi ukiendelea kupigwa kila jioni.

Dawa ya kwanza haina bei kubwa. Ni kulala na kifundo kilichonyoka. Chukua ubao mwembamba ao kipande cha mwanzi kilichopasuliwa na kulainishwa, urefu wake tangu katikati ya kiganja mpaka karibu katikati ya mkono wa chini. Kifunge kwa kitambaa ili kisiumize, kiweke upande wa kiganja, funga kwa utepe wa kitenge. Kifundo kikae sawa, kisikunjwe chini wala juu. Vidole na kidole gumba viwe huru. Usikaze, asubuhi vidole vikiwa vimevimba ao vya baridi, ulikaza mno. Fanya hivyo kila usiku, majuma 6, usiache kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Wagonjwa wengi wa mwanzo wanapata usingizi wao kwa ubao huu tu. Vidonge vya maumivu vinatuliza kidogo, lakini havifungui njia iliyobana. Nilivitoa miezi mingi, ninajua.

Ubao usiposaidia, munganga aliyefundishwa anaweza kupiga sindano moja ya dawa ya kupunguza uvimbe karibu na njia ile. Nafuu yake inaweza kudumu majuma ao miezi. Si sindano ya kila mtu mwenye bomba sokoni. Sindano ikiingia katika mshipa wenyewe inauharibu. Tena usichanjwe kwa wembe juu ya kifundo. Nimeona mikono iliyooza kwa ajili ya chale hizo, na mshipa ulikuwa bado umebanwa chini yake. Na mkono usiosikia usiuingize katika maji ya moto ili kuukanda kabla ya kuyapima kwa mkono mzima.

Mwisho ni operesheni. Ni ndogo. Mgonjwa haoti ndoto, yuko macho. Mkono tu unatiwa ganzi. Daktari anapasua ngozi ya kiganja kidogo, anakata utepe ule mgumu, na mshipa unapata nafasi. Siku hiyo hiyo ao kesho yake mtu anarudi nyumbani. Nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 mpaka 14 hivi. Vidole avitumie mapema kwa kazi ndogo, kama kushika kijiko, lakini mchi na jembe vingoje majuma kadhaa, na kiganja kinaweza kuuma kikibonyezwa kwa miezi.

Mama wa kwaya alikubali operesheni. Usiku wa tatu alilala mpaka asubuhi, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba hakukumbuka usingizi una urefu huo. Vidole vilirudi kusikia polepole. Lakini nyama ya kidole gumba haikurudi yote. Mpaka leo hawezi kufungua chupa kwa mkono wa kuume, na vifungo vya watoto anafunga kwa wa kushoto. Kama ningaliuliza vidole gani siku ile ya kwanza, labda nyama ile ingalikuwako.

Kwa hiyo ukiamshwa na mkono wako mara tatu katika juma moja, anza ubao, na baada ya majuma 6 kama hakuna nafuu, njoo. Usingoje majuma 6 kama ganzi inakaa mchana na usiku bila kuondoka, ao kama vitu vinakuponyoka, ao kama umeona bonde chini ya kidole gumba, ao baka katika ngozi. Njoo siku ya kwanza ao siku ya tatu, asubuhi, pamoja na fishi yako ya zamani, na useme kama una mimba ao kama unameza dawa yoyote. Kabla ya kuja, usiku mmoja washa taa ukiamka, guza kila kidole kwa ncha ya unyasi, na ukumbuke ni vipi vilivyosikia na ni vipi vilivyonyamaza.